Papa Nzanzu na Shule ya Baridi

Papa Nzanzu, muuza maharagwe wa jumla pale Makiso, mjini Kisangani, alijua jambo moja tu kuhusu shule: joto linaozesha akili. Alizaliwa juu milimani, Lubero, akashuka mjini akiwa kijana na hakurudi kulala kule hata siku moja. Lakini baridi ya kwao aliisifu utadhani anaiuza yeye.

Binti yake Précieuse alipofikia umri wa bweni, hakuuliza kama walimu wapo, wala kama watoto wanashiba. Alizipigia simu shule zote za milimani na swali moja: "Kule kwenu baridi iko ya kutosha?" Mkuu aliyejibu kwamba asubuhi maji hayashikiki, ndiye aliyempata mtoto.

Mkewe, Mbambu, alibisha mpaka akachoka. Akamfungia mtoto blanketi zito la kijani.

Nzanzu alimpeleka mwenyewe, akijigamba kwamba atakaa huko mwezi mzima avute hewa ya kwao. Wiki haikuisha, huyo mlangoni kwake Makiso, jua la saa sita linawaka, midomo imepasuka, kamasi zinamtoka, na blanketi la kijani mabegani.

"Mama Précieuse, kule mutoto atasoma," alisema huku akipiga chafya. "Baridi inafundisha."

Mbambu alishika pindo la blanketi, akalivuta mpaka likamtoka.

"Kweli, inafundisha mbio," alisema. "Siku mbili tu kule, na wewe ulishajua kumuibia mutoto wako blanketi."