Mbwa Aliyemwasha Shangazi

Shangazi yangu anashona magauni ya harusi, na kwa miaka mingi dume pekee lililoruhusiwa kulala katika chumba chake cha kazi lilikuwa mbwa. Tulimwita Meneja, maana alilala chini ya meza ya kukatia vitambaa huku wenzake wakitoa jasho, na akiamka ni kukagua tu, kisha analala tena. Kabla ya chai Shangazi hasemi na binadamu. Kwa Meneja alifungua mdomo tangu alfajiri, akimsengenyea wateja mmoja mmoja, hasa wale wanaovuta tumbo ndani wakipimwa halafu wanalalamika gauni linabana.

Mwasho wa Shangazi ulianzia viganjani, ukapanda viwikoni, ukamalizia shingoni kwa mabaka mekundu. Mshtakiwa wa kwanza akawa lesi. Lesi ilipoachiwa huru ikakamatwa sabuni, kisha wanga wa kupigia pasi. Muuza vitambaa alitukanwa mpaka akawa anapita njia ya nyuma.

Dawa Shangazi alikuwa nayo.

"Meneja, njoo umtibu mama."

Meneja anatoka chini ya meza, anajinyoosha kama daktari aliyeamshwa zamuni, analamba mkono kwa makini, toka kiwiko hadi kidole. Shangazi alikuzwa akiambiwa kwamba ulimi wa mbwa unaponya kidonda, na hilo ndilo somo pekee alilolishika bila kubishana na mwalimu. Akilambwa anatulia kidogo, kisha mwasho unarudi na ukoo wake wote. Anamwita tena mganga wake.

Siku moja bibi harusi alikuja kujaribu gauni, akaona doa dogo la damu kwenye satini nyeupe, usawa wa kiuno.

"Shangazi, hii nini?"

"Itatoka, mwanangu."

Msichana akaitazama ile mikono iliyochubuka. Akalivua gauni polepole, kama lina siafu, akaondoka nalo pindo likiwa limeshonwa nusu.

Hilo ndilo lililompeleka hospitali. Daktari wa ngozi alimdondoshea matone ya kupimia mkononi, akachoma kila tone kwa ncha ya sindano, wakasubiri. Penye moja pakavimba.

"Mama, unafuga mbwa?"

"Ndiye anayenitibu."

Daktari akacheka. Alipoelezwa habari ya kulambwa, kicheko kikakatika.

"Ni mzio, mama. Mwili wako haumtaki mbwa huyo. Manyoya, mate, vyote."

"Huo mwili nao, nani kauuliza?"

Alijaribu. Alishona na glavu, akajichoma kwa sababu vidole havikuisikia sindano. Alimlaza Meneja nje. Meneja akakwaruza mlango mpaka rangi ikabanduka, naye akamfungulia, mikono ikaumuka upya. Wateja walianza kuulizana kama ugonjwa ule unaambukiza. Ilibaki kuchagua, mbwa au cherehani, na cherehani ndiyo inayomlisha.

Baba akapata mlinzi wa kiwanda cha mbao aliyetaka mbwa.

"Dada, mume ulimfungia virago huku unaimba," Baba alimwambia. "Leo unalilia mbwa?"

"Mume aliwahi kunilamba kidonda?"

Mimi nikatoka nje nicheke kwa adabu.

Meneja alikataa kufuata kamba ya mlinzi, ikabidi Shangazi ampeleke mwenyewe. Nilikwenda nao. Pale getini mbwa alimzunguka miguu, akimtafuta mikono. Shangazi aliificha nyuma. Kesho yake alikuwa na gauni la kukabidhi. Akatumia amri aliyoizoea mbwa wateja wakiingia kupimwa.

"Kaa."

Meneja akakaa. Shangazi akageuka, tukaondoka. Hakumgusa. Mlinzi alitupasha habari baadaye: mbwa alikaa palepale, jua likamwakia, mvua ikamnyeshea, akilitazama geti.

Sasa mikono ya Shangazi ni laini kama ya bibi harusi, na kazi zimerudi. Juzi alinyanyua uso kwenye cherehani.

"Nenda kiwandani, ukamwambie ainuke."

"Shangazi, alishainuka zamani. Anakula, anabweka, ameajiriwa."

"Nani alimwambia ainuke?"



"Njaa, Shangazi."

Alikanyaga kanyagio la cherehani, akashona mshono mrefu, akaufikisha mwisho, akaendelea kukanyaga hata kitambaa kilipokwisha.