Nyanya Alipoiona Orodha ya Kompyuta Yangu

Jamani, nimeishi na nyanya yangu miaka yote hii na kumbe simjui!

Leo nilikuwa sebuleni hapa mtaani Wabera, nachagua vipande vya kompyuta ya kuchezea gemu. Bajeti ni ndogo, kwa hivyo niliweka pawasaplai ya bei ya chini kabisa ili nipate kadi nzuri ya picha.

Nyanya akachungulia, akagusa picha ya pawasaplai. "Hiyo ndiyo inagawa stima?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nunua kubwa. Hizo zingine utaongeza pole pole. Stima ikiwa dhaifu, utaunguza kila kitu."

Nikacheka. "Umejulia wapi, Nyanya?"

"Miaka ya themanini. Redio zote babu yako alikuwa anapokea dukani, mimi ndiye nilikuwa nazitengeneza, nyuma ya pazia. Nani angeachia mwanamke redio yake?"

Mtaa mzima unamkumbuka marehemu babu kama fundi wa redio!

"Na hukuwahi kusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Orodha nimebadilisha. Kadi itangoja mwaka ujao.

Kama redio ya kwenu ilipita kwa babu, tafadhali andika hapa chini. Nataka kumsomea nyanya.