Mfereji wa Kongosho la Mbuzi

Shangazi yangu amekata nyama miaka ishirini na miwili na hajauza hata robo kilo. Hugandisha makongosho ndani ya nta, akayakata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavipaka rangi na kuvibandika kwenye vioo ili wanafunzi wa udaktari wavichungulie kwa hadubini. Chuoni wanamwita Mama Wembe.

Mwaka huu aliomba cheo cha mkuu wa maabara. Alikitaka kufa na kupona, maana watu watatu aliowafundisha yeye kushika wembe walikuwa wameshamruka na kuwa wakubwa wake.

Kwenye usaili, Profesa, mtu wa miwani minene na kitabu kinene zaidi, alimwekea kioo chenye mfereji wa kongosho. Ataje ni wa kiumbe gani.

Kioo chenyewe alikitengeneza shangazi. Kile cha binadamu kilipovunjika, alikimbilia kwa muuza nyama, akarudi na kongosho la mbuzi, akamwarifu Profesa. "Weka tu, nitarekebisha baadaye," Profesa alisema. Hiyo baadaye ikaota mvi. Kisha Profesa akakipiga picha kioo hicho na kuitia kitabuni mwake: mfereji wa binadamu, wenye seli "zilizopangika kwa utulivu usioonekana kwa mnyama yeyote."

"Wa mbuzi," shangazi akajibu.

"Mama, tazama vizuri. Huoni utulivu huo?"

"Naona seli ndefu zimesimama bega kwa bega, na tezi za ute ukutani. Lakini huyu nilimbeba mwenyewe kwenye mfuko, Profesa. Nilikwambia."

"Kitabu kinasema binadamu."

"Na kitabu kaandika nani?"

Wajumbe wengine wawili wakaanza kukagua viatu vyao.

"Nakupa nafasi ya mwisho, mama."

Nampenda shangazi, lakini ningekuwa mimi ningesema binadamu, kisha nikamwombe mbuzi radhi.

"Mbuzi," akasema.

Cheo akapewa bwana mmoja aliyekikariri kitabu chote. Shangazi alilia siku mbili, nami nilimtukana Profesa kwa niaba yake.

Wiki ya tatu, Profesa akaja mwenyewe kwenye meza ya shangazi na kichupa mkononi. Ndani mlikuwa na kipande cha kongosho la mkewe. Madaktari walikuwa na wasiwasi na mfereji.

"Mkuu yuko ofisini," shangazi akamwambia.

"Simtaki. Kata wewe, dada yangu. Na uniambie unachokiona."

Shangazi akaweka wembe mpya, akakata kwa uangalifu zaidi kuliko siku zote, kwa cheo chake kilekile cha zamani.