Inalia Aje?

Fundi wa hapa Donholm anafungua boneti ya gari langu, na harufu ya oili iliyoungua inanirudisha kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Gari lilikuwa likigongagonga njia nzima, lakini mbele ya fundi likanyamaza kimya.

"Sasa mzee, inalia aje?"

Baba, ndani ya suti yake ya Jumapili, akavuta pumzi. "Ko-ko-ko-grrr!"

"Na ukipanda mlima?"

Akainama, mashavu yakitetemeka. "Ngo-ngo-ngo-ngo!"

Fundi alifumba macho, akisikiliza kama mtu anayeombewa. Waliocheka ni wenzangu wa shule ya Jumapili, waliokuwa kando ya barabara wakila mahindi ya kuchoma. Nikateleza chini ya kiti, nikaomba ardhi inimeze. Baba akachungulia dirishani, akaniona nilivyojikunyata.

"Basi," akamwambia fundi, "endesha tu, utaisikia mwenyewe."

Hakuigiza tena.

Sasa fundi ameinama dirishani kwangu. "Inalia aje, mathe?"

Nafungua kinywa. Kwenye kioo cha kuonea nyuma, kichwa cha binti yangu kinashuka taratibu, mpaka hakionekani.