Chubwi Jikoni

Nilikuwa nikilea mtoto wa watu katika nyumba moja ya ufuoni, Diani. Siku moja mamake alimkuta akitafuna kiti kilichobanduka rangi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa hospitali, damu yake ikipimwa kama ina risasi, ile madini ya sumu iliyomo kwenye rangi za zamani. Nilimpakata mimi. Alipochomwa kidole alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakuwa na kitu, alhamdulillahi.

Jioni nikarudi kwangu Kinondo. Mume wangu ni mvuvi. Betri kuukuu za gari alikuwa akizivunja na kuyeyusha risasi yake kwenye jiko letu la kupikia, apate chubwi za kuzamishia nyavu. Nilimkuta binti yetu papo hapo jikoni, akimumunya chubwi kama peremende.

Nikampeleka kliniki; walimpima uzito, wakamsifu kwa kunenepa. Nikauliza kuhusu risasi. "Kipimo hicho hatuna, mama," muuguzi akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

Siku hizi chubwi zinayeyushwa mbali na nyumba. Lakini kila ninapomwosha binti yangu vidole, natamani nimpakate na yeye, achomwe, alie mpaka sauti imkauke.