Bomba la Moshi la Tantine

Jumamosi iliyopita nilitumwa chumvi sokoni Mutakura, na kwa kuwa mimi nikitumwa chumvi hupitia kila mahali isipokuwa penye chumvi, nikajikuta mbele ya ukuta wa yule fundi wa pikipiki. Yupo bado. Kipara kimeongezeka, mabati yake yamekula kutu, lakini waya wake uko palepale, na kwenye waya mabomba ya moshi yananing'inia kama samaki wa kukausha. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua alikuwa akifungiwa moja baada ya jingine na kulijaribu, vuruum, vuruum, mpaka kuku wa pale wakahama.

Fundi akaniona. "Masikio!" akapiga kelele. "Kuya hapa utuchagulie!" Akamgeukia kijana: "Huyu mutoto njo mwenye kujua sauti."

Nikasema, "Apana, mi nina haraka, natafuta chumvi." Nikaondoka kama mtu aliyemwibia. Anayenijua atakwambia kwamba sijawahi kuwa na haraka ya chumvi tangu nizaliwe.

Basi kaa, rafiki yangu, nikueleze nilikuwa nakimbia nini. Nina miaka kumi na saba, darasa moja nimelirudia. Mwalimu anasema ni kwa sababu ya mdomo wangu, mimi nasema ni kwa sababu ya vita, tumekubaliana kugawana. Lakini wakati ninaousema nilikuwa na tisa. Baba na Mama walikuwa wamevuka kwenda Uvira kutafuta maisha, nami nikabaki na Bibi, mamake mama, katika uwanja wetu wenye lango moja la bati. Nyumba ya mbele ilikuwa yetu. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili vya kupangisha, na humo alikaa jirani, mwanamke mwembamba aliyekaanga mandazi kila asubuhi. Yaliyoungua yalikuwa yangu kwa sheria. Nilikuwa namwombea kila siku yaungue. Mume wake alikuwa amekwama huko ndani ya nchi, barabara imefungwa, na yeye tumbo linakua mpaka akawa anakaanga akiwa amekaa upande, kama mtu anayemkwepa mtu mwingine kwenye benchi la kanisa.

Na alikuwepo Tantine, dada mkubwa wa mama. Tantine alikuwa mkunga, anazalisha kwenye dispensari moja kule Mutanga Nord, na alikuwa mwanamke pekee wa mtaa wetu aliyeendesha pikipiki. Alivaa suruali, juu yake kitenge, juu kabisa kofia ya chuma iliyofanana na sufuria yetu ya maharage. Pikipiki yenyewe ilikuwa nzee. Bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka, likazibwa kwa bati la kopo la maziwa ya unga, likatoboka pembeni ya kiraka. Likiwa njiani lilisema po-po-po-po, na kila likikata kona lilitoa pfuu moja ndefu yenye aibu. Watoto wote tulijua hiyo ni sauti gani. Tulikuwa tunaziba pua.

Sasa uelewe jambo moja la siku zile. Kwetu hakuna mtu aliyebisha hodi jioni. Wala hakuna aliyeita jina langoni, kwa maana mtu anaweza kushikwa huko nje akalazimishwa kuita, na sauti ni yake kweli, lakini nyuma yake wamesimama wengine. Kwa hiyo kila nyumba iliwajua watu wake kwa kitu kisichoweza kulazimishwa. Wengine baiskeli inayolia, wengine kikohozi. Sisi tulikuwa na pfuu. Bibi akiisikia pale konani, anaacha kila kitu, anavuta komeo, na Tantine anaingia bila hata kusimama, lango linafungwa nyuma yake mavumbi hayajatulia. Na kama jioni imechafuka, milio ya bunduki inatoka kule mlimani Gasenyi, watu walichukua mikeka wakashuka kulala kwenye uwanja wa kanisa. Ukikuta lango limefungwa na ndani kimya, unajua wenzako wametangulia kanisani, nawe unawafuata. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya mtaa.

Mimi nikaifanya mchezo. Niliweza kuiga ile pikipiki kwa mdomo, po-po-po na pfuu yake, vizuri mpaka mbwa walinibwekea. Nilijificha nyuma ya jiko, nikapiga ile sauti, na Bibi akatoka mbio na unga wa muhogo mikononi, akafungua lango, akakutana na mbuzi. Nilipigwa mwiko. Wiki iliyofuata nikarudia. Mara ya tatu Bibi hakunipiga, alikaa chini tu kwenye kibaraza akanitazama.

"We mutoto," akasema, "siku moja utasema kweli, na mi nitakuwa nimechoka."

Nilicheka. Nilikuwa na tisa.

Lile bomba lilituletea balaa kwenye kizuizi cha barabara. Siku moja Tantine alipunguza mwendo mbele ya askari, pikipiki ikatoa mlipuko kama bunduki, askari mmoja akajitupa mtaroni. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alitoka na matope mpaka kwenye nyusi, akamwambia Tantine: "Mama, kesho ukirudi na kitu hiki, nitakipiga risasi, na wewe utakuwa umekikalia." Tantine alitusimulia kwa kuigiza, jirani akacheka akishika tumbo, lakini kesho yake mchana, nilipotoka shule, alinipakia nyuma tukaenda kwa fundi.

Bibi hakupenda. Alisimama langoni akasema, "Mi najua kikohozi hiki. Kipya nitakijuaje?"

"Mama, ndiyo maana nakwenda na masikio ya nyumba," Tantine akamjibu, akanigonga kichwani. Na jina likabaki.

Fundi, Mkongo wa Bukavu aliyependa kuongea Kifaransa kwa pua, alitushushia matatu. "Échappement, bomba la moshi, ni kama bibi arusi," akasema, "usiangalie rangi." La kwanza lilikuwa refu, jeusi, limetoka kwenye pikipiki iliyopata ajali. Alilifunga, akawasha, na pikipiki ikanong'ona kama padri kwenye maungamo. Fundi mwenyewe akalikataa. Pikipiki isiyosikika ikitokea ghafla mbele ya kizuizi, alisema, askari wanashtuka, na askari akishtuka haulizi. La pili alikuwa amelichomelea mwenyewe kwa vipande vya bomba la maji. Lilikuwa limevimba katikati, limejaa makovu, kama nyoka aliyemeza chura. La tatu lilikuwa fupi, linang'aa, limevuka mpaka kutoka kwao Bukavu, na nilipojitazama ndani yake niliona meno yangu yote.

Tantine akanipa kazi. "Mi nikiwa juu yake sisikii kitu, nasikia na matako," alisema, na fundi akakohoa kwa heshima. "Nenda nyuma ya ule ukuta wa mwisho, ukae kama Bibi anavyokaa. Sikiliza. Chagua ile ambayo Bibi ataijua."

Nikaenda, nikakaa chini nyuma ya ukuta, nikafumba macho. Fundi akazungusha kwanza lile la makovu. Po-po-po, likasema. Akapunguza mafuta, kama mtu anayekata kona, na likatoa pfuu. Fupi zaidi, ndiyo, na bila ule mlipuko, lakini ni yeye, yuleyule, kama mtu aliyepona mafua. Kisha likaja lile la kung'aa. Liliguruma chini kabisa, nikalisikia kwenye mbavu, zito kama gari la jeshi likipanda mlima.

Nilirudi. Nikaliangalia lile la makovu, nikafikiria watoto wa mtaa wakiziba pua. Nikaliangalia la kung'aa, nikajiona nimekaa nyuma yake.

"Hili," nikasema. "Hili njo linafanana."

"Kweli?" Tantine akaniinamia. "Usinichezee."

"Kweli, Tantine."

Fundi alinitazama kidogo, lakini alikuwa na bomba ghali la kuuza, akainamia boliti zake. Tantine akakifunga kitenge vizuri, akapanda. "Nenda nyumbani kwa miguu. Umwambie Bibi sauti ya pikipiki imebadilika, mara ya kwanza asikilize vizuri." Akaondoka kuelekea kazini, na sokoni kila kichwa kikageuka. Nilikuwa na furaha, rafiki yangu, ya kijinga kabisa.

Kwa Bibi sikusema neno. Nilitaka kuiona sura yake.

Saa kumi na moja jirani akaanza kuumwa. Bibi akamlaza kwenye mkeka chumbani kwetu, akaweka maji kwenye mbabura, jiko letu la makaa, pembeni ya maharage. "Vumilia," alikuwa akimwambia, "mkunga mwenyewe yuko njiani." Jirani aliuliza kila baada ya muda, "Bado?" Na mimi nilitumwa kukaa karibu na lango na kusikiliza. Kule Gasenyi kulikuwa kumeanza kulia milio, mmoja mmoja, kama mtu anayepiga misumari bila haraka.

Jua lilikuwa halijazama vizuri likapita konani lile gurumo. Nyumba yote ikalisikia. Bibi akatoka, akamwaga maji juu ya makaa, maharage yakaachwa nusu mbichi, akanishika shati akaniingiza ndani.

"Bibi, ni Tantine!"

"Nyamaza."

"Ni Tantine, haki ya Mungu, tumebadilisha bomba, mi mwenyewe nilichagua!"

"Mushenzi we," akaninong'oneza, "hata leo? Hata leo unacheza?" Akaniziba mdomo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa juu ya mdomo wa jirani. Tulikaa hivyo, watu watatu na mikono miwili.

Pikipiki ilisimama nje ya lango. Iliguruma mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha ikangoja. Nilijua anangoja nini. Hakuita, kwa sababu kwetu hakuna aliyeita. Niliuma kidole cha Bibi na hakuniachia. Nje, Tantine alikuta lango limefungwa, jiko halitoi moshi, ndani kimya, na huko mlimani milio. Akaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa mtaa wetu angeelewa. Gurumo likashuka kuelekea kanisani, likapungua, likaisha.

Maharage yalikuwa bado ya moto yule mtoto alipozaliwa. Wa kiume. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, na Bibi, aliyezaa saba, hakujua afanye nini kwanza. Alijaribu. Nilisikia akijaribu. Sauti ya mtoto sikuisikia, na mimi ndiye niliyekuwa masikio ya nyumba.

Tantine alirudi asubuhi, akisukuma pikipiki kwa mkono. Usiku kucha alikuwa amepita kati ya mikeka ya kanisani akiinua mashuka kutazama nyuso. Alinawa, akaingia kwa jirani, akakaa naye muda mrefu. Alipotoka, Bibi alimwuliza, "Ungekuwepo?"

"Sijui, Mama," akasema. Na Tantine hakuwa mtu wa kusema sijui.

Kisha Bibi akauliza juu ya bomba. Tantine alinitazama mimi, nami nikatazama vidole vya miguu yangu. "Fundi alikosea," akasema. Siku ileile alikwenda kulibadilisha, akafungiwa lile la makovu. Jioni nilisikia po-po-po konani, na pfuu, na Bibi akavuta komeo huku akilia. Tantine hajawahi kunisema, wala siku ile wala baadaye. Ningependa angenipiga mwiko.

Jirani alihama kabla ya mvua. Asubuhi aliyoondoka alikaanga mandazi ya mwisho, na hakuna lililoungua. Yule mtoto angekuwa na miaka minane sasa, angekuwa ananisumbua, ningemfundisha kuiga magari. Tantine aliuza pikipiki, yuko Kigoma, anazalisha wakimbizi. Watu wameanza kubisha hodi tena, tena kwa nguvu, kama wanaodai kitu. Hakuna anayefumba macho kusikiliza kona.

Mimi mchezo ule niliuacha. Isipokuwa mara moja. Bibi amezeeka, siku na watu vimemchanganyika, na jioni moja mwezi uliopita alikaa kibarazani bila raha, akiuliza, "Bado? Bado?" Sikujua nimtulize vipi. Nikaenda nyuma ya jiko, kama zamani, nikapiga po-po-po kwa mdomo, na pale pa kona nikaweka pfuu.

Nikasikia komeo likivutwa. Alikuwa amesimama langoni, amelishikilia wazi kwa mikono miwili.

"Pita upesi, mwanangu," alikuwa akiuambia mtaa mtupu. "Jirani anakungoja."