Sodiamu ya Buni

Watu wa kanisani kwetu husema kisasi ni cha Mungu. Sibishani nao. Mimi nasimulia cha kwangu tu, nilicholipa mchana kweupe mbele ya kidato cha pili kizima, na ambacho hadi leo nikikikumbuka roho yangu hutulia.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa amemaliza kutuchorea muundo wa atomu ubaoni. Shule haikuwa na mfano hata mmoja wa kushika mkononi, kwa hiyo akatuambia kila mtu akatengeneze atomu ya elementi anayoipenda kwa vitu vya nyumbani kwao. Atakayeshinda angekwenda Bukoba kwenye maonyesho ya sayansi. Nafasi ilikuwa moja. Niliitamani hadi nikakosa hamu ya kula, maana baba alikuwa ameshaanza kusema kwamba mwakani, wakati wa kuchagua masomo, niende sanaa, kemia itanishinda. Nilijua nikifika Bukoba atanyamaza.

Nilichagua sodiamu. Kwenye jedwali la elementi inakaa safu ya kwanza kushoto, pamoja na lithiamu na potasiamu, kwa sababu zote zina elektroni moja tu kwenye mzunguko wa nje, na elektroni hiyo hutoka kirahisi. Nilichukua ungo mkuukuu wa mama, nikashona juu yake mizunguko mitatu kwa kamba za mgomba, nikabandika maharage kwa nta: mawili ndani, manane katikati, moja nje. Hizo zilikuwa elektroni. Katikati nikaweka kikombe cha kibuyu kiwe kiini.

Kiini ndicho kilichonisumbua. Protoni na nyutroni zimesongamana mle, ukubwa wake karibu sawa, ila protoni ina chaji na nyutroni haina. Nitaionyeshaje chaji? Nikakumbuka kahawa. Kwetu Nyabiyonza, buni zikitoka shambani tunazimwaga kwanza kwenye maji ndipo tuanike. Iliyojaa huzama. Iliyo tupu ndani huelea, nayo tunaitenga. Kwa macho zote ni nyekundu, zote zinang'aa, hata mama aliyezichuma maisha yake yote hazitofautishi bila maji. Nikatia kikombeni kumi na moja zilizozama, ndizo protoni, na kumi na mbili zilizoelea, ndizo nyutroni. Sikumwambia mtu. Siri hiyo nilitaka niitoe mwenyewe siku ya kueleza.

Jumapili niliubeba ungo hadi kanisani ili nikitoka niupeleke shuleni, lakini baada ya ibada mvua ilikuwa inanyesha, na kwetu ni mbali. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alikuwa anaishi karibu na shule. Kwao ni wafugaji, na kila asubuhi aliniletea maziwa kwenye chupa. Nikamwachia ungo wangu aufikishe Jumatatu.

Aliufikisha. Nilipoingia darasani niliukuta juu ya meza ya mwalimu, na mwalimu anamsifu yeye. Nilisema ni wangu. Rafiki yangu akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba nilimsaidia kushona kamba. Mwalimu akaniuliza ya kwangu iko wapi. Sikuwa nayo. Darasa likacheka, na mwalimu akasema wivu hauna alama. Maelezo yangetolewa kesho yake.

Ningeweza kumfuata mwalimu ofisini jioni ile nikamweleza habari ya maji. Sikutaka. Nilichekwa mbele ya watu, na nilitaka kulipa mbele ya watu hao hao. Rafiki yangu alipotoa chupa ya maziwa nikamwambia nimeshiba. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na chuki ile ilinipa utulivu wa ajabu.

Siku ya pili alisimama mbele akaeleza vizuri sana: mizunguko, elektroni, safu ya kwanza, kipindi cha tatu cha jedwali. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza, protoni ni zipi na nyutroni ni zipi. Rafiki yangu akainamia kikombe. Akasema zilizokoza rangi ni protoni. Mwalimu akamwambia azihesabu. Akapata saba. Akahesabu tena, akapata tisa.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimeomba beseni la maji jikoni mapema, nimeliweka chini ya dawati.

"Mwalimu, aliyetengeneza anazijua. Naomba nizimwage humu."

Nikazimwaga. Kumi na moja zikaenda chini. Kumi na mbili zikabaki juu. Nikamwomba mwalimu ahesabu yeye, nikasimama kando. Hakuna aliyecheka. Wenzangu watoto wa wakulima walielewa kabla sijafungua mdomo tena, nikawasikia wakinong'onezana nyuma. Mwalimu alinikosoa, na alikuwa na haki: nyutroni si nyepesi kuliko protoni, hata imeizidi kidogo uzito, na yangu inaelea. Nilikubali kosa. Lakini alikuwa ameshajua ungo ni wa nani.

Rafiki yangu alilia. Akaninong'oneza kwa Kinyambo, lugha tuliyochezea utotoni, kwamba kwao walikuwa wamemtisha kumwoza asipoonyesha faida ya shule. Sikujua hilo. Mwalimu, ambaye sasa aliona aibu kwa maneno ya jana, alitaka mambo yaishe kwa amani. Akasema anaweza kumwomba mkuu wa shule twende wote wawili, mmoja abebe, mmoja aeleze. Akaniuliza kama nakubali.

Darasa zima lilikuwa linaniangalia. Yeye pia alikuwa ananiangalia, macho mekundu.

"Hapana," nilisema. "Aende aliyetengeneza."

Nilikwenda Bukoba peke yangu. Baba hakutaja tena sanaa, na leo nafundisha kemia Kyerwa. Yule rafiki yangu hakumaliza kidato cha tatu. Ameolewa Kaisho, ana watoto, na siku za gulio hukutana nami penye ndizi. Hunisalimia yeye kwanza, hunichagulia mkungu mzuri, kisha husimama hapo akinitazama. Najua neno la msamaha analolingoja. Nalipia ndizi zangu, naondoka, namwacha angoje.